Gemu ya Babu wa Uani

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi katika nyumba ya dada yangu ilikuwa kumwaga makohozi ya mzee. Yalikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na ndani yake, chini kabisa, tulikuwa tunatia majivu ili yasishike. Majivu hayakusaidia kitu. Nikiinamisha kopo juu ya tundu la choo, mzigo wote ulikuwa unateremka taratibu, unavutika kama utomvu, halafu unakatika na kutua kule chini kwa mlio ambao nikiukumbuka hata leo mate yananijaa mdomoni. Nilikuwa naziba pua kwa pembe ya kanga na kugeuza uso. Siku moja niligeuza uso mno, yakanimwagikia mguuni, kati ya vidole. Nilisugua mguu ule kwa mchanga, kwa majivu na kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikachubuka, na bado niliona kama pana kitu kimebaki.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitoka kwetu Ushirombo nikaja Kahama, mtaa wa Nyasubi, kwa sababu dada alikuwa amejifungua mapacha na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Hiyo ndiyo habari niliyopewa nyumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye chumba cha uani, ubavuni mwa jiko, kulikuwa na baba mzazi wa shemeji yangu. Mapacha dada aliwamudu. Mzee ndiye aliyemshinda.

Sote tulimwita Babu. Ujanani alichimba dhahabu upande wa Geita, enzi za migodi ya wazungu, mpaka mgodi wao ulipofungwa miaka ya sitini. Akarudi kulima pamba, na vumbi la mawe akarudi nalo kifuani. Hospitali walimpima makohozi zaidi ya mara moja wakasema si kifua kikuu, hawezi kumwambukiza mtu. Niliambiwa hivyo mbele ya daktari, nikaitikia kwa kichwa. Tumbo langu halikuelewa. Kila nilipoingia chumbani mwake na kukutana na ile harufu, mchanganyiko wa jasho, dawa ya kupaka na kitu kilichochacha, lilijikunja kama linataka kutoka.

Shemeji hakuwa anaingia kabisa. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu, akizunguka machimboni kununua vipande kwa wachimbaji wadogo, na akirudi alikuwa ananukia marashi kuanzia getini. Asubuhi alisimama kwenye pipa la maji, hatua kumi kutoka mlango wa Babu, akaita, "Baba, shikamoo, umeamkaje?" kwa sauti ya mtu anayemsalimu mwenzake ng'ambo ya mto. Babu akiitikia marahaba, kikohozi kilikuwa kinameza maneno yaliyofuata, na shemeji alikuwa keshaondoka.

Gemu aliileta yeye. Ilikuwa ile miaka ya themanini ambapo vitu vilianza kurudi madukani, baada ya kupanga foleni ya sukari na sabuni kwa muda mrefu, na wafanyabiashara wa Mwanza walikuwa na kila takataka ya ajabu. Ukubwa wake ulikuwa kama kipande cha sabuni. Ndani ya kioo kulikuwa na mtu mdogo mweusi aliyeshika beseni. Kushoto kwake palikuwa na mifereji miwili, mmoja juu na mmoja chini, na kulia hivyo hivyo. Matunda yalikuwa yanabingirika kwenye mifereji hiyo, nawe kwa vitufe vinne ulimpeleka yule mtu kudaka. Kila tunda lilikuwa alama moja. Ukiangusha matatu, mchezo umekwisha, na kile kitu kilipiga kiwimbo kifupi kama kinakucheka. Alama kubwa kuliko zote ilibaki humo kama kumbukumbu. Ukibonyeza kitufe cha pembeni ilijitokeza.

Shemeji alicheza wiki mbili akaichoka. Mimi nilikuwa naiiba dada akiwa amelala na watoto, na alama yangu ya juu kabisa ilikuwa themanini na tatu. Halafu siku moja mchana, Babu alikohoa mpaka mapacha wakaamka kwa mara ya tatu, na dada kwa hasira akaichukua gemu kabatini akampelekea, kama unavyompa mtoto mchanga kijiko achezee. Niliposikia kile kiwimbo cha kucheka kinatokea chumba cha uani, nilijua gemu imenitoka. Nani angeishika tena, ikitoka kwenye mikono ile?

Nilidhani ataiacha baada ya siku moja. Vidole gumba vyake vilikuwa vinene kama mizizi ya muhogo, na cha kulia kilishawahi kupondwa na jiwe mgodini, kikaungana vibaya. Kila akibonyeza kitufe kimoja alikuwa anabonyeza viwili. Mara ya kwanza alipata tisa. Mara ya pili saba. Nilikuwa nadeki chumba chake nikaona jinsi alivyoitazama ile namba, bila kuudhika, kama mtu anayesoma kipimo.

Kesho yake nilikuta amechora ukutani kwa mkaa, juu ya kitanda. Michoro minne, mmoja kwa kila mfereji, na chini ya kila mmoja vijiti. Nilikasirika, maana ukuta ule ningeuosha mimi. Nikamuuliza ni nini. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu, kwamba anaandika tunda linaangukia wapi. Kila likianguka anaweka kijiti kwenye mfereji wake. Vijiti vingi kuliko vyote vilikuwa chini kulia.

"Kidole kibovu," akasema, akinionyesha. "Kwa hiyo leo nacheza na huyu tu. Wale wengine wakianguka waanguke."

Na kweli, siku nzima ile alidaka matunda ya chini kulia peke yake, akaiacha mifereji mingine mitatu imwage. Akapata nne. Akapata sita. Alijifunza kubonyeza kwa ukingo wa kucha badala ya nyama ya kidole, na akafuga kucha kwa kusudi hilo, kucha ndefu ya manjano yenye uchafu chini yake ambayo sikuweza kuiangalia wakati wa kumpa uji. Baada ya siku tatu alirudisha mifereji yote. Alijiwekea ishirini. Hakutaka hata moja zaidi. Akifika ishirini aliiachia gemu icheze yenyewe mpaka ife, anaanza upya, mpaka akaweza kufika ishirini mara tano mfululizo bila kuangusha hata tunda moja. Ndipo akasema kesho thelathini.

Nilimuuliza kwa nini asicheze tu mpaka mwisho kama watu wote. Alikohoa, akatema kwenye kopo, akafuta mdomo kwa kiganja, na kwa kiganja hicho hicho akaishika gemu. Nilitamani kutoka nje. Akaniambia mgodini walikuwa wanatoboa mwamba kwa patasi na nyundo, na zamu haiishi mpaka tundu lifike kina alichotaka msimamizi. Vijana wapya walikuwa wanapiga nyundo wakiwaza kile kina chote, wanachoka kabla hawajafika nusu. Yeye alikuwa anapaka mkaa kwenye patasi, alama kwa alama, upana wa kidole. Alikuwa anapiga mpaka alama moja imezama, anapumua, halafu anatafuta nyingine.

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kunipa. Baadaye alikohoa muda mrefu hata nikashika mgongo wake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kabla. Shati lilikuwa limelowa. Niliutoa mkono haraka.

Wiki ya tatu akafika mia na kumi. Mimi, mwenye macho mazima na vidole vyembamba, nilikuwa na themanini na tatu zangu za wizi. Iliniuma. Nikamwomba anipe nijaribu. Kabla ya kuishika nilikwenda jikoni nikachukua mfuko wa nailoni, nikaiingiza gemu humo ndani, nikawa nabonyeza kwa juu. Nilijifanya eti naikinga na vumbi. Nilicheza karibu na mlango penye mwanga, nikapata arobaini na moja, nikapata hamsini, nikapata arobaini tena. Alikuwa amelala chali, amefumba macho. Nilidhani hanitazami.

"Mayu," akaniita. Ndivyo alivyokuwa akiniita, mama kwa Kisukuma, ingawa nilikuwa binti mdogo. "Unaangusha juu kushoto. Mara sita umeangusha huko huko."

Nikamuuliza amejuaje, na macho ameyafumba.

"Kila mfereji una sauti yake. Wa juu unalia mwembamba, wa chini mnene. Kushoto unatangulia kidogo. Wewe unaangalia namba. Namba iko pembe ya kulia, ndiyo maana kushoto kunakuponyoka. Namba haikimbii, utaikuta."

Kisha, akiwa bado amefumba macho, akaongeza, "Na hiyo nailoni itoe. Inakuchelewesha."

Nilisikia uso unawaka moto. Alijua tangu mwanzo, na alilisema kama anavyosema kidole fulani kibovu. Niliitoa gemu kwenye mfuko. Vitufe vilikuwa vinanata. Kwenye kioo, juu ya kichwa cha yule mtu mdogo, palikuwa na doa lililokauka, na nilijua ni la nini. Nilicheza hivyo hivyo, sikutazama namba, nikasikiliza. Nilipata tisini na sita. Nikaiweka kitandani, nikaenda bombani nikanawa mpaka viwiko, nikatapika chai ya asubuhi nyuma ya jiko. Halafu nikarudi nikamuuliza kama naweza kucheza tena.

Tuliendelea hivyo miezi kadhaa. Kazi za asubuhi zikiisha, kabla ya kupika cha mchana, tulikuwa tunacheza kwa zamu. Ukutani palikuwa na michoro yake na michoro yangu. Yeye alikuwa ananisikiliza, mimi namtazama vidole. Akiminya vibaya nilimwambia, na hakuchukia. Alikuwa anauliza mara ngapi, upande gani. Nilijiwekea hatua ndogo kama zake: kwanza kufika hamsini bila kuangusha juu kushoto, halafu kupita mia pale mwendo unapoongezeka ghafla, halafu kuvuta pumzi mwendo unapolegea kidogo baada ya kila mia, maana ulikuwa unalegea, ila ukiwa na hofu huwezi kuona. Nilifika mia mbili. Nilifika mia tatu na nne. Yeye alipata mia sita na kumi na mbili, Jumamosi moja saa nne asubuhi, huku mimi nimeinama nimeshikilia kopo kidevuni mwake ili asilazimike kusimamisha mchezo akitaka kutema. Alitema mara mbili. Niliona kinyaa lakini mkono sikuutoa, maana nilitaka kuona mwisho.

Nisidanganye hapa. Sikumzoea. Watu hupenda kusema kwamba ukikaa na mgonjwa utazoea, na kwamba upendo hufuta kinyaa. Mimi haukunifutia. Nilimpenda yule mzee, naamini hivyo, na alinitia kichefuchefu mpaka siku ya mwisho. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja.

Jumapili iliyofuata baada ya misa, shemeji alikuwa na wageni. Walikuwa wanunuzi wenzake wawili kutoka upande wa Geita, na mke wa mmoja wao. Tulipika pilau ya kuku tangu alfajiri, dada akatandaza vitambaa vyake vya kufuma kwenye makochi, na mlango wa uani ukafungwa. Shemeji alinituma nikachukue gemu kwa Babu ili awaonyeshe wageni. Nilimwambia Babu kwamba mwanawe anaitaka, akanipa. Niliifuta kwa spiriti nikampelekea.

Baada ya kula nilikuwa naondoa sahani. Shemeji akabonyeza kitufe cha pembeni, ikajitokeza ile 612, akaizungusha kwa kila mgeni. Akasema amefika hapo mwenyewe, safarini, wakati wa kusubiri wachimbaji. Mmoja wa wageni, mtu mnene mpole wa maneno, akasema hebu tuone. Shemeji akacheza. Akaangusha la tatu kwenye thelathini na saba, kiwimbo kikacheka, naye akasema vidole vina mafuta ya pilau. Akajaribu tena, ishirini na tisa. Yule mgeni alicheka, si kwa ubaya, akauliza aliyefika mia sita ni nani hasa.

Nilikuwa nimesimama na sahani zenye mifupa. "Ni Babu," nikasema.

"Babu yupi?" akauliza yule mama mgeni.

Nilimtazama dada. Dada alikuwa anakunja kitambaa kilichokwisha kunjwa. Shemeji hakusita hata kidogo. Alisema kwamba kuna mzee mmoja wanamhifadhi pale uani, hana watu, wanamsaidia tu kwa ubinadamu. Yule mgeni mnene akashangaa, akasema alikuwa anakisikia kikohozi akadhani ni mlinzi. Kisha akauliza, kama mtu anayeendeleza mazungumzo, kama baba yake shemeji bado yuko kijijini Ushetu na ng'ombe wake. Shemeji akasema yuko, mzima, anasalimia.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kuchukizwa na mtu. Makohozi nilikuwa nayachukia kwa pua na tumbo tu. Hili nililichukia kwa akili yangu yote. Mtu aliyeoga, aliyenukia marashi, mwenye meno meupe na shati lililopigwa pasi na mimi mwenyewe, alikuwa ananichefua kuliko lile kopo. Na mimi sikufungua mdomo. Nilisimama na mifupa yao mkononi.

Mgeni akasema, "Mleteni basi huyo bingwa tumwone."

Shemeji alisema mzee anaumwa, lakini yule mwingine na mkewe nao wakasisitiza, na ilikuwa mchezo tu, hakukuwa na namna ya kukataa bila kuonekana anaficha kitu. Nilikwenda uani. Mlango wa Babu ulikuwa wazi, na dirisha la sebuleni lilifunguka upande huo huo, kila neno la mle ndani lilisikika. Alikuwa amekwisha kuvaa koti lake kabla sijamwita. Akachukua kopo lake mwenyewe, akaja akishika ukuta.

Aliketi kwenye kochi la dada, juu ya vitambaa, kopo kati ya miguu. Wageni wakamwamkia, akawaitikia. Akapewa gemu. Alifumba macho kama kawaida yake, na yule mama mgeni alicheka kidogo akanyamaza, maana namba zilikuwa zinapanda. Hamsini. Mia. Mwendo ukaongezeka, na ile kucha ya manjano ilikuwa inagonga vitufe kama cherehani. Mia mbili. Kikohozi kikaanza. Alikiminya kifuani mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kikamshinda, akatema bila kuachia gemu, na hakulipata kopo vizuri. Utelezi ule uliangukia ukingoni ukaning'inia, sehemu ikatua kwenye kitambaa cheupe. Yule mama akainua miguu yake kutoka sakafuni na kujiziba pua kwa mtandio. Mumewe akasogeza soda yake mbali. Shemeji alikuwa anatazama dari.

Mimi nilisogea nikashika kopo kama nilivyozoea. Ndicho kitu pekee nilichokifanya siku ile ambacho sikionei haya.

Alikwisha kwenye mia nne na kumi na nane. Akafungua macho, akaitazama namba, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yote matatu yameanguka chini kulia. Yule mgeni mnene alimpongeza kwa heshima, akamuuliza alijifunzia wapi uvumilivu ule. Babu akasema mgodini. Mgeni akamuuliza kama ana watoto.

Babu alivuta pumzi kwanza. "Ninaye mmoja," akasema. "Ana shughuli nyingi."

Akainuka, nikamshika mkono, tukatoka.

Wageni hawakukaa sana. Walipoondoka shemeji alikuja uani, akavuka pipa la maji, akasimama mlangoni kwa Babu, karibu kuliko nilivyowahi kumwona. Nilifikiri ataomba radhi. Alichukua gemu kitandani kwa ncha za vidole, akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa zile betri mbili ndogo kama vifungo vya shati, akaitupa gemu pale pale kitandani. Alisema itawaletea watoto magonjwa. Halafu akaenda bombani. Nilimtazama akinawa mikono. Alinawa kama ninavyonawa mimi, mpaka viwiko, na nilijichukia kwa kufanana naye.

Siku ya tatu alisafiri kwenda machimboni. Kwenye droo ya kabati la sebuleni kulikuwa na kalkuleta yake ya zamani, ile ya akiba. Niliifungua kwa kisu cha mezani. Betri zilikuwa zile zile. Nilirudisha kifuniko huku nikitazama mlango, maana gemu nilikuwa naiiba na kuirudisha, lakini kuchukua moja kwa moja kitu cha mtu mzima sikuwahi maishani mwangu. Nilimpelekea Babu, akaniuliza nimezitoa wapi, nikamwambia. Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi na kikohozi kikanirushia mkononi, pale kwenye mshipa, kitu cha moto. Nilikimbia bombani nikiwa namsikia bado anacheka.

Kumbukumbu ilikuwa imefutika. Ilisomeka sifuri. Babu aliitazama, akaniomba maji na kitambaa, akafuta michoro yote ya mkaa ukutani, yake na yangu, taratibu, akipumzika. Akasema tuanze na ishirini.

Shemeji aliporudi aliigongagonga ile kalkuleta kwenye kiganja, akalalamika kwamba vitu vya siku hizi ni feki. Dada alinitazama. Alijua, na hakunitaja, na nadhani ndiyo radhi yake kwa siku ile alipokunja kitambaa Babu akikanwa.

Babu hakufika tena mia sita. Kifua kilikuwa kinambana, na mwisho alikuwa anacheza akifika mia anapumzika. Mimi nilifika mia tano na arobaini, mchana wa mvua, na yeye ndiye aliyeniambia nimevuka mia tano kwa kuhesabu mwendo ulilegea mara ngapi, kwa sababu mimi sikuwa naangalia namba. Alikufa kabla mvua za masika hazijaisha, asubuhi, nikiwa nimetoka kumwaga kopo. Nilirudi nalo likiwa safi, lina majivu mapya.

Kwenye msiba shemeji alilia kuliko watu wote. Alijitupa chini, akaita baba yangu, baba yangu, mpaka wanaume wakamshika. Yule mgeni mnene alikuja, maana taarifa zilikuwa zimefika kwa wafanyabiashara wote kwamba mwenzao amefiwa na mzazi. Wakati wa chakula mimi nilikuwa nawamiminia watu maji ya kunawa. Ilipofika zamu yake aliniuliza polepole, "Ni yule mzee wa gemu?"

"Ndiye," nikasema.

Alimaliza kunawa, akakung'uta mikono, akaenda zake bila kula.

Godoro la Babu, mablanketi na koti lake dada alivichoma nyuma ya choo, na gemu akaitupia humo humo kwa hofu ya ugonjwa usiokuwapo. Plastiki ilitoa moshi mweusi wenye harufu kali uliotuingia ndani ya nyumba siku nzima. Baada ya arobaini nilipanda lori la tumbaku nikarudi kwetu. Shemeji alinisindikiza mpaka stendi, akanipa mkono. Niliupokea, kwa sababu ya dada.

Niliolewa Ushirombo, nikazaa wanne, nikawafuta kamasi, kinyesi na matapishi bila shida yoyote. Lakini mlenda, ile mboga inayovutika, siwezi. Mume wangu anaupenda, na ndicho chakula cha watu wa kwao, kwa hiyo naupika vizuri, natia chumvi kwa kukadiria, na hajawahi kulalamika. Wakati wa kupakua namwita mtoto mkubwa, na mimi natoka nje kidogo.